Maji Yameishia Bustani

Mtaa wetu unaitwa Tangini, na tangi lenyewe lipo kweli. Limesimama katikati ya kiwanja juu ya miguu ya zege, na kila uchaguzi unapokaribia hupakwa rangi mpya ya buluu. Halijawahi kutiwa maji. Lilizinduliwa kwa ngoma na soda zamani za mwakilishi wadi aliyepita, na tangu siku hiyo kunguru ndio wapangaji wake. Mgeni akiuliza njia tunamwelekeza kwa tangi hilo bila hata kucheka, kwa sababu tumelizoea.

Mimi ni Nyawira, fundi wa nguo. Cherehani yangu iko chini ya ngazi, katika jengo refu la kupanga upande huu wa kuelekea mtaa wa Pipeline, na kwa kuwa kila mpangaji lazima anipite akipanda na akishuka, mambo ya jengo hili nayajua kuliko landilodi. Nasema hivyo ili ujue kwamba haya ya Kavutha sikuyasikia kwa watu. Niliyaona, na mwishoni nikayatia mkono.

Kavutha anakaa ghorofa ya juu kabisa na mumewe Kisilu, mchongaji wa vinyago na miiko, mtu mpole ambaye ukimsalimia hujibu ukiwa umeshapita. Kavutha mwenyewe ni mama fua. Mtaani tunamwita Mama Wanza, kwa jina la binti yake aliyeolewa Machakos. Ni mwanamke mfupi, mkavu, mwenye sauti ya chini, na sijawahi kumsikia akigombana na mtu. Mwenye mdomo hapa ni mimi. Yeye akikasirika hukunja kitu: leso, mfuko wa plastiki, chochote kilicho karibu, anakikunja mpaka kinakuwa kidogo kabisa, halafu anakiweka mfukoni.

Alizaliwa Kitui, sehemu ambako mto una mchanga miezi mingi kuliko maji. Alinieleza siku moja, nikimpimia gauni, kwamba utotoni walikuwa wanafukua mchanga kwa bakuli mpaka maji yaanze kutokea, kisha wanakaa kuyasubiri yajae polepole, msichana mmoja akifukuza mbuzi na mwingine akichota. Kisilu alipomwoa na kumleta Nairobi, Kavutha alifunga vitu vyake akijiambia jambo moja tu, kwamba ameachana na mtungi.

"Nikafika hapa," aliniambia, "nikaonyeshwa ngazi, nikapewa mtungi."

Alicheka aliposema hivyo. Mimi sikuona cha kuchekesha, maana ngazi hizo nazijua.

Sasa wadi yetu ina pande mbili. Upande mmoja ni sisi, majengo yamebanana mpaka jirani akikaanga kitunguu wewe ndiye unayetokwa na machozi. Upande wa pili, ukivuka barabara kuu kuelekea mtaa wa Fedha, kuna mtaa mpya unaitwa Bustani. Huko kuna lami, taa za barabarani, na nyasi zinazokatwa kwa mashine. Huko ndiko Kavutha alikokuwa akienda kufua kila asubuhi, katika nyumba ya mama mmoja mwenye adabu zake, aliyempa chai na kumwita kwa jina. Mifereji ya huko ukiifungua inarusha maji kwa nguvu mpaka unarudi nyuma. Watu wanamwagilia nyasi na kuosha magari. Kavutha alikuwa anashinda mikono yake ikiwa ndani ya maji ya Bustani, jioni anarudi Tangini ananunua mtungi kutoka kwa boza, lile lori la maji, ndipo apate ya kupikia chai yake mwenyewe.

Na boza lilikuwa la nani? La Mheshimiwa.

Niseme wazi hapa, maana jambo hili linanichoma mpaka leo. Mheshimiwa Patrobas, mwakilishi wadi wetu, alikuwa mtu wa papa hapa. Aliuza viatu vya mitumba kwenye kona ya kiwanja, na tulimpigia kura kwa furaha tukisema safari hii tumepata wetu, anayejua uzito wa mtungi. Baada ya kuchaguliwa akanunua lori la maji, kisha lingine, kisha yakawa msafara. Kwenye milango yameandikwa jina la kampuni ambalo halina maana yoyote, lakini madereva wote wanamwita yeye bosi. Akajenga na nyumba za kupangisha kule Bustani. Mshahara wa umma anapokea kama kawaida. Ukimuuliza, anakujibu akitabasamu kwamba yeye alikuwa mfanyabiashara kabla ya kuwa kiongozi, na hakuna sheria ya kumkataza mtu kujitafutia.

Sina kinyongo na mtu kupata. Nami natafuta. Lakini Kavutha ndiye aliyelisema jambo hili vizuri, siku moja akipumzisha mtungi karibu na cherehani yangu.

"Nyawira," aliniuliza, "kama ungelipwa kwa kushona nguo za watu, halafu ulipwe tena kila nguo inaporaruka, ungeshona vizuri kweli?"

Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu nilielewa. Bomba la Tangini lilikuwa limepangiwa bajeti zamani. Mwaka wa kwanza likahamishiwa Bustani, ati kule ndiko liliko tawi kubwa la maji. Mwaka uliofuata likaahirishwa, lami ya Bustani ikawekwa. Kila lilipokwama, maboza yalizidi. Mtu mmoja ndiye alikuwa na kazi ya kutuletea bomba, na huyohuyo ndiye aliyekuwa akifaidika lisipokuja.

Basi asubuhi moja akaja Nzivo. Nzivo ni mdogo wake Kisilu, kwa hivyo ni shemeji yake Kavutha, na ndiye mtu wa mkono wa Mheshimiwa. Hubeba simu mbili na hutembea kana kwamba kuna mtu anamngoja mahali. Alimkuta Kavutha hapa kwangu chini akisubiri nimalizie pindo la sketi yake.

"Shemeji, nimekuletea kazi," alisema. "Alhamisi kuna kikao cha maoni ya wananchi hapo kiwanjani. Mheshimiwa anataka pilau, kachumbari, soda. Nimemwambia hakuna kina mama wanaopika kama wewe na wenzako."

"Maoni ya nini?" Kavutha akauliza.

"Bajeti ya wadi. Ni ile tu ya kila mwaka. Mnasomewa, mnakubali, mnakula."

"Na bomba letu limo?"

Nzivo alijikuna shingo. "Limesukumwa mbele kidogo. Mwaka huu Bustani wanatengenezewa chemchemi pale kwa mzunguko wa barabara, ile ya kurusha maji juu, na taa zake. Ni ya kupendezesha wadi yote, Shem. Hata nyinyi mtakuwa mnapita kuiangalia."

Nilitazama mikono ya Kavutha. Alikuwa ameshika kipande cha kitambaa nilichokuwa nimekitupa, na alikuwa anakikunja.

"Nitapika," alisema.

Nzivo alipoondoka nilimgeukia. Nilimwambia amekubali kupika karamu ya mazishi ya bomba letu. Nilimwambia watoto wa jengo hili watakula pilau siku moja na kubeba mitungi mwaka mzima. Nilisema mengi, na alinisikiliza yote hadi mwisho, akachukua sketi yake akapanda ngazi. Nilikasirika mpaka nikashona mkono wa blauzi ya mteja mahali pa shingo, ikanibidi kuifumua yote.

Lazima nieleze hapa jinsi vikao hivi vinavyokwenda, la sivyo hutaelewa alichokuwa akikiwaza Kavutha. Sheria inataka wananchi waulizwe kabla bajeti haijapitishwa, na karani huja kuandika wanayosema. Kwa hivyo wakubwa huleta hema, viti na chakula. Mtu husoma makaratasi haraka haraka kwa Kiingereza, wawili watatu waliopangwa husimama na kusema wamekubali, kisha mshereheshaji anatangaza kwamba kama hakuna maoni mengine, tuingie kwenye chakula. Hapo harufu imeshawafikia watu, wengi hawajanywa hata chai, na hakuna anayetaka kuwa yule wa kuwachelewesha wenzake. Chakula kikishaanza kupakuliwa kikao kimekwisha, na karani anafunga karatasi zake. Maoni yetu ya miaka yote yamemezwa pamoja na wali.

Na kuna jambo la pili. Kwenye shughuli za kwetu hakuna anayegusa sahani kabla mgeni mkuu hajanawishwa mikono. Mkubwa wa wapishi ndiye hubeba birika na beseni, na taulo begani, akaanza na mgeni. Hapo ndipo foleni hufunguka. Hata vijana wanaojifanya hawajui adabu hii wanaifuata, kwa sababu waliikuta nyumbani kwao.

Jioni ya kabla ya kikao Kavutha alishuka akasimama mbele ya cherehani yangu.

"Kesho utakuja kusaidia kupakua?"

"Mimi sipakui," nilimwambia bila kuinua kichwa.

"Basi njoo unishikie beseni," akasema, akaenda zake.

Asubuhi ya Alhamisi, nikiwa nafunua cherehani, nilimwona akishuka ngazi na mtungi uliojaa. Jambo hilo lilinishangaza. Katika jengo letu maji hupanda, hayashuki. Alikuwa anashuka kipandio kimoja kimoja, bega limelala upande mmoja, na Kisilu nyuma yake amebeba mwiko mpya aliokuwa amemchongea, mrefu karibu sawa na mkewe. Nilitaka kuuliza, lakini nilikuwa bado nimenuna.

Nilikwenda hata hivyo. Sitasema ni kwa sababu ya urafiki. Nilitaka kuona aibu hiyo kwa macho.

Kiwanjani hema zilikuwa zimesimamishwa mapema, nyeupe, chini ya tangi. Boza la Mheshimiwa lilikuja likajaza pipa la kupikia, na Nzivo akapiga picha likijaza. Kina mama walikuwa wameshawasha moto. Fartun, mwenye duka la jumla pembeni mwa kiwanja, ndiye aliyetia viungo kwenye pilau. Mkono wa Fartun kwenye viungo haujadiliwi hapa mtaani, na harufu ilipoanza kutoka watu walijaa kwenye viti bila kuitwa. Niliona ule mtungi wa Kavutha umewekwa chini ya meza ya kupakulia, umefunikwa kwa leso.

Mheshimiwa alifika akipunga mkono. Alikuwa amenenepa vizuri. Alizungumza kwa utani, akatukumbusha viatu alivyotuuzia, akasema kuna watu wanaoeneza maneno kuhusu biashara yake ya maji. "Kama si haya maboza," alisema, "mngekunywa nini, watu wangu?" Wengine walipiga makofi. Kisha mtu mwenye suti akasoma makaratasi. Niliambulia chemchemi, nikaambulia Bustani, Bustani tena, na taa. Tangini ilitajwa mara moja, kwenye kupaka tangi rangi.

Wakasimama waliopangwa, wakasema wamekubali. Mshereheshaji akachukua kipaza sauti. "Kama hakuna maoni mengine, tuingie kwenye chakula." Viti vilianza kusogezwa. Nasema kweli, hata mimi niliyejifanya sijali nilikuwa nimetumaini kitu.

Hapo Kavutha akanipa beseni. Alitia taulo begani, akashika birika, tukaenda mbele hadi kwa meza kuu. Mheshimiwa alikuwa anaongea na yule wa suti. Alinyoosha mikono juu ya beseni bila kututazama, kama watu wakubwa wanavyofanya. Kavutha akainamisha birika.

Hakikutoka kitu. Akainamisha zaidi. Mheshimiwa alisugua viganja vikavu, akasita, akatazama mikono yake, kisha akamtazama yeye. Birika lilikuwa limepinduliwa kabisa, kifuniko kikining'inia.

"Maji hayajafika, Mheshimiwa," Kavutha akasema. "Yameishia Bustani."

Hakupaza sauti. Lakini mshereheshaji alikuwa amekisogeza kipaza sauti mezani akitaka kukaa, na maneno yale yakasikika kiwanja kizima. Waliokuwa wakisogeza viti wakageuka. 

Mheshimiwa alicheka. "Mama, si boza liko hapo? Chota."

"Boza ni lako," Kavutha akamjibu. "Bomba ni letu. Mimi nauliza bomba."

"Nzivo," Mheshimiwa akaita, akiwa bado anatabasamu, "leta maji ya chupa."

Nzivo akakimbia kwa duka la Fartun. Fartun alikuwa amesimama mlangoni. Alimngoja afike, akamwambia, bila hasira yoyote, "Leo hayauzwi," akateremsha mlango wa chuma. Mlio ule niliusikia nikiwa pale mbele. Ni mfanyabiashara, wateja walikuwa wamejaa uwanja mzima, na bado alifunga.

Lakini usifikiri watu walishangilia. Watu walikuwa na njaa. Kutoka nyuma kijana mmoja akasema, "Mathe, wacha hizo. Tupe dishi, tule." Mwingine akaunga mkono. Kisha akasimama Owuor, dereva wa lori la mchanga, mtu mzito mwenye sauti nzito, akasema yeye ametoka kazini usiku na hakuja kutazama maigizo ya kina mama. Kelele zikapanda. Niliona Mheshimiwa akiegemea kiti, ametulia, na nikajua anachongojea. Alijua njaa itamfanyia kazi yake kama inavyomfanyia kila mwaka.

Kavutha aliweka birika mezani. Alichukua kipaza sauti kwa mikono miwili, kwa sababu hakuwahi kukishika.

"Chakula kipo, na ni chenu chote," alisema. "Hakuna atakayenyimwa. Lakini mnajua na mimi najua, nikipakua sahani ya kwanza kikao kimekwisha, na bomba limekwenda Bustani kurusha maji juu. Kwa hivyo sitapakua mpaka dada huyu aandike." Alimwonyesha karani, msichana mwenye miwani aliyekuwa ameshafunika kalamu. "Andika. Mimi naitwa Kavutha, mke wa Kisilu, naishi Tangini. Nafua nguo za watu Bustani, kwa hivyo nayajua maji ya huko. Sitaki chemchemi. Nataka bomba. Na nataka kujua kwa nini mtu anayeuza maji ndiye anayeamua bomba lipite wapi."

Nilishtuka alipotaja Bustani. Nyumba alimokuwa akifua ilikuwa ya kupanga, na mwenye nyumba alikuwa Mheshimiwa. Alijua, na bado alisema jina lake mwenyewe lote.

Karani alimtazama yule wa suti. Yule wa suti alitazama pembeni. Msichana akafunua kalamu, akaandika.

Sikujua watu wataangukia upande gani. Kisha Owuor, aliyekuwa bado amesimama, akaanza kuja mbele. Alikuja polepole, akamfikia Kavutha, na nikafikiri anaenda kumnyang'anya kipaza sauti. Alikipokea.

"Mimi nina njaa," akasema, "kwa hivyo sitasema mengi. Bomba lirudi. Andika Owuor." Akageukia watu. "Nanyi mnaotaka kula, njooni mseme haraka."

Watu walicheka, na kicheko kile kilifanya kazi kuliko hasira yangu yote ya mwaka ule. Wakaanza kusimama. Foleni ambayo siku zote huelekea kwenye sufuria ikaelekea kwa karani. Yule kijana wa dishi alisema bomba lirudi. Akina mama waliochochea moto walikuja na mikono yenye majivu. Kisilu, ambaye sijawahi kumsikia akisema maneno matano kwa mpigo, alisimama mbele ya karani na kueleza kwa utaratibu kwamba magoti ya mkewe yamekwisha kwa ngazi. Wengine waliuliza habari ya maboza, wengine lami, wengine kwa nini shule ya Tangini haina vyoo vya maji ilhali ile ya Bustani inavyo. Nami nilienda, beseni likiwa bado kwapani, nikauliza kuhusu nguo inayoraruka. Karani hakuelewa. Nilimwelezea mpaka akaelewa.

Mheshimiwa alijaribu kusimama na kusema kwamba wakati umekwisha. Hakuna aliyemkataza. Walimwambia tu kwa adabu, asubiri, bado hajanawishwa. Alikaa kidogo, akatazama simu yake, kisha akaondoka na gari lake bila kula. Nzivo alibaki amesimama katikati ya kiwanja, hajui aende wapi.

Mtu wa mwisho alipomaliza kusema, wali ulikuwa umepoa. Kavutha alirudi kwa meza ya kupakulia, akainama, akaondoa ile leso. Alijaza birika kutoka kwa ule mtungi aliokuwa ameushusha asubuhi, maji aliyokuwa ameyanunua kwa ajili ya nyumba yake. Hapo ndipo nilipoelewa kila kitu, na nikaona haya kwa yale niliyomwambia. Aliponiita, nilishika beseni.

Alianza na Owuor. Alimmiminia maji kidogo kidogo, kama mtu anayejua thamani yake, naye Owuor akanawa, ameinamisha kichwa. Kisha wengine wote. Maji yalitosha kwa sababu kila mtu alinawa kwa uchache, mkubwa na mdogo. Wa mwisho alikuwa Nzivo, ambaye hakuwa amejipanga popote.

"Shemeji," Kavutha akamwita. "Mikono."

Akainyoosha. Alikuwa karibu kulia.

Bajeti ilipotoka, bomba lilikuwa limerudi Tangini na chemchemi ilikuwa imefutwa. Najua kwa sababu tulikwenda wenyewe kuisoma ilipobandikwa, kundi zima, na aliyekuwa hajui kusoma akasomewa. Mama wa Bustani alimwandikia Kavutha ujumbe wa simu wenye adabu nyingi kwamba wamenunua mashine ya kufulia. Kavutha alinionyesha, akaukunja mfuko uliokuwa mkononi mwake mpaka ukawa kidogo, akautia mfukoni. Wiki iliyofuata alikuwa amepata kazi Fedha, mbali zaidi, kwa watu wasiomjua mwenye maboza.

Wachimbaji walikuja kweli. Walichimba mtaro kutoka barabara kuu, wakavuka, wakafika kona ya duka la Fartun. Halafu wakasimama. Tuliambiwa udongo ni mgumu, tukaambiwa mkandarasi amesafiri, kisha hatukuambiwa kitu. Mtaro upo hapo wazi, watoto wanaruka juu yake, na maboza yanaegesha pembeni yake yakiuza maji.

Leo asubuhi nimesikia hatua kwenye ngazi, nikazijua. Kavutha alishuka akiwa na birika mkononi na taulo begani. Birika lilikuwa jepesi, niliona namna lilivyokuwa likining'inia.

"Mheshimiwa ana mkutano leo," alisema. "Hakunialika."

Nilikata uzi, nikafunika cherehani, nikachukua beseni.